Uzamivu wa virusi au kazi ya kujenga uwezo? Jibu kwa msomaji wa Mwanza

Swali: Msomaji wetu wa Mwanza, mwenye shahada ya umahiri katika biolojia ya molekuli na anayefanya kazi katika maabara ya hospitali, amepata nafasi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya kusomea uzamivu Ulaya, katika utafiti wa virusi vinavyoenezwa na mbu. Ya pili ni ajira katika shirika linaloendesha mafunzo ya wataalamu wa maabara katika nchi kadhaa za Afrika. Anasema lengo lake la mwisho ni kujenga uwezo wa utafiti barani, na anauliza kama miaka minne ya kuchunguza kirusi kimoja haitamchelewesha bure. Anataka pia kujua waliopita njia hiyo kabla yake waliipitaje.

Ndugu yangu msomaji,

Ningekuwa mimi, ningechukua nafasi ya uzamivu, ila nisingesaini kabla ya kukubaliana na msimamizi wangu mtarajiwa juu ya mambo nitakayoyataja huko mbele. Lengo lako ni jema na sina neno nalo. Ninachokitilia shaka ni namna ulivyozipanga hatua zako, kwa sababu swali lako linachukulia kwamba sayansi ni kazi ya ujanani na kujenga uwezo ni kazi ya pili, inayoanza siku mtu anapoipa kisogo ile ya kwanza. Wanasayansi ambao wameacha taasisi imara nyuma yao hawakupita hivyo. Walikuwa na swali la kisayansi lililowakera, wakaona haliwezi kujibiwa bila maabara, watu na taratibu ambazo hazikuwapo, wakaanza kuvitafuta vitu hivyo kimoja kimoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum wa Kongo. Alizaliwa mwaka 1942, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa, kisha akapata uzamivu wa virolojia huko Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973, kwa utafiti uliotumia panya wa maabara. Aliporudi nyumbani, kama alivyosimulia mwenyewe katika mahojiano, hakukuta panya, hakukuta vifaa wala vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Alikuwa mtaalamu wa fani ambayo nchi yake haikuwa na mahali pa kuifanyia kazi, na hali hiyo huenda wewe mwenyewe utaikuta ukirudi. Akageukia kazi ya nje ya maabara, yaani kuufuata ugonjwa ulipo.

Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kaskazini mwa nchi, ambako watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Aliwatoa wagonjwa damu bila glavu, akaona matundu ya sindano yakiendelea kutoka damu, akanawa kwa maji na sabuni. Damu ya mtawa mmoja Mbelgiji aliyekuwa mgonjwa ilisafirishwa kwa ndege ya abiria hadi Antwerp ndani ya chupa ya chai, na chupa moja ndogo kati ya zilizokuwamo ilifika imevunjika. Kirusi kilitambuliwa katika maabara za Ulaya na Marekani, kikapewa jina la mto Ebola. Watu 318 waliugua katika mlipuko ule na 280 walikufa. Kwa miaka mingi habari hiyo ilisimuliwa kama habari ya maabara zilizopokea chupa, huku daktari Mkongo aliyefika Yambuku mapema akitajwa kwa kupita, au asitajwe kabisa.

Alichofanya baadaye ndicho kinachokuhusu. Mwaka 1995 Ebola ilipolipuka Kikwit, yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona, na 7 kati yao wakaishi. Wataalamu wa nje hawakushawishika, kwa hoja kwamba hapakuwa na kundi la kulinganishia, na kisayansi hoja hiyo ilikuwa ya haki. Muyembe hakuliacha wazo lake. Miaka 11 baada ya Kikwit, damu ya mmoja wa manusura wa mlipuko ule ilitumika kutafuta kingamwili katika maabara ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na kutokana nayo ikapatikana dawa iliyojulikana kwanza kama mAb114 na sasa Ebanga. Ilipojaribiwa Kivu Kaskazini kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kundi la kulinganishia lilikuwapo: wagonjwa 681 waligawiwa kwa bahati nasibu kati ya dawa nne. Kati ya waliopewa mAb114, takriban asilimia 35 walikufa ndani ya siku 28, wakati kwa waliopewa ZMapp, dawa iliyotumika kama kipimo cha kulinganishia, vifo vilikaribia asilimia 50. Mwandishi wa kwanza wa makala ya matokeo hayo ni Mkongo, Sabue Mulangu.

Kati ya Yambuku na Beni imepita miaka 42, na katika miaka hiyo ndipo uwezo unaousema ulipojengwa. Muyembe amekuwa mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kitabibu ya Kongo, INRB, tangu mwaka 1998. Wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020, ule uliogharimu maisha ya zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa Kongo, jenomu za kirusi, yaani maandishi kamili ya vinasaba vyake, zilisomwa ndani ya nchi na matokeo yakawarudia madaktari wa kule kule. Katika kisa kimoja usomaji huo ulionyesha kwamba mgonjwa aliyetibiwa na kupona aliugua tena baada ya kama miezi sita, na kutoka kwake ukaanza mnyororo mpya wa maambukizi. Wangesubiri majibu kutoka ng'ambo, huenda wangehangaika kumtafuta mnyama porini aliyeuleta ugonjwa upya. Tena, mpox ilipoenea Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu huko Kivu Kusini, tawi jipya la kirusi linaloitwa Ib lilielezwa mwaka 2024 na kundi la watafiti ambamo INRB ilikuwa mstari wa mbele. Ni taasisi ile ile, katika nchi ambayo mwaka 1976 ilibidi itume damu nje kwa chupa ya chai. Na Muyembe ameshikilia hadharani kwamba sampuli za Wakongo zichunguzwe Kongo, msimamo ambao mtu anaweza kuutekeleza pale tu anapokuwa na mahali pa kuzichunguzia.

Huenda ukasema Muyembe ni mtu wa zama nyingine. Basi mtazame Thumbi Ndung'u, Mkenya, ambaye alianza kama daktari wa mifugo, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Uzamivu wake aliufanya Harvard, na kazi aliyojulikana nayo mapema ilikuwa kuunda nakala kamili ya kwanza, yenye uwezo wa kuambukiza katika maabara, ya aina C ya virusi vya UKIMWI, kutokana na virusi vya Botswana. Kwa mtu wa nje jambo hilo linaonekana dogo. Lakini aina C ndiyo inayobeba karibu nusu ya maambukizi yote duniani, hasa kusini mwa Afrika, ilhali kwa miaka mingi maabara kubwa zilishughulika zaidi na aina B, iliyoenea Ulaya na Amerika. Bila nakala hiyo, mtafiti hakuwa na chombo cha kuaminika cha kulinganishia hizo mbili. Swali lilikuwa la molekuli kwa kila hali, na papo hapo lilikuwa la kisiasa: nani anachunguza kirusi cha nani?

Kutoka hapo akaenda Durban, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, na hapo alishiriki katika utafiti unaoitwa FRESH, ambao nakushauri uusome vizuri kwa sababu unaonyesha ninachokusudia. Wasichana wa miaka 18 hadi 23 wa Umlazi, kitongoji ambacho maambukizi yako juu sana, huja kituoni mara mbili kwa wiki. Hutobolewa kidole, damu ikapimwa kutafuta kirusi chenyewe bila kungoja kingamwili, kisha wakaingia darasani kujifunza stadi za maisha, kompyuta na namna ya kutafuta kazi. Anayeambukizwa licha ya kinga zote anazopewa hugundulika mapema mno, akaanzishiwa dawa mara moja, na watafiti hupata nafasi adimu ya kuona mwili unavyopambana katika siku za mwanzo kabisa. Huwezi kuifanya kazi hiyo ukiwa Boston. Chembe hai za damu hazingoji ndege, na msichana wa Umlazi haji mara mbili kwa wiki mahali ambapo hapati kitu. Swali lenyewe lilidai kituo, wauguzi, walimu, maabara ya jirani na wanafunzi wa uzamivu waliozoea mitaa ile. Ndipo Ndung'u alipokuja kuongoza SANTHE, mtandao wa utafiti wa kifua kikuu na UKIMWI unaofundisha vijana katika nchi kadhaa za Afrika, na alipofanya hivyo hakuwa ameiacha maabara yake. Wanafunzi wa mtandao wa namna hiyo humheshimu kiongozi wao kwa sababu wakimpelekea grafu mbovu anaiona papo hapo.

Wapo waliotoka maabara wakaingia utawala moja kwa moja, na siwadharau. John Nkengasong wa Kamerun alichunguza virusi vya UKIMWI Antwerp na Abidjan kabla ya kusimamia programu za maabara akiwa Atlanta, na mwaka 2017 akawa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, Africa CDC. Mapema Februari 2020 ni Senegal na Afrika Kusini tu zilizokuwa na uwezo wa kupima kirusi kipya cha korona. Kituo chake kikawaita wataalamu wa nchi nyingine Dakar wafundishwe, na katika miezi michache nchi nyingi za bara zilikuwa zinapima zenyewe. Hata hivyo nadhani aliweza kuamua haraka vile kwa sababu kipimo cha PCR, kile kinachotafuta vinasaba vya kirusi, alikifahamu kwa mikono yake.

Sasa niseme kuhusu uwezo wenyewe, maana neno hili limetumika hadi limechakaa. Nikiingia maabara kwa mara ya kwanza, wenyeji hunipeleka kwanza kwenye mashine ya kusoma jenomu. Naishukuru mashine, kisha naomba nionyeshwe karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama joto limeandikwa asubuhi na jioni kwa miandiko ya watu mbalimbali, na mahali fulani pameandikwa kwamba umeme ulikatika saa nane usiku na jina la aliyeamka kuja kuwasha jenereta, hapo pana taasisi. Kama mwezi mzima umejazwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, najua karatasi imejazwa siku ya ukaguzi, na sampuli zilizomo ndani siziamini tena.

Jambo la pili ni vitendanishi. Kasha lenye vimeng'enya hutumwa likiwa na barafu kavu ya kutosha siku chache tu. Likifika uwanja wa ndege Ijumaa jioni, na hati moja ikawa na maelezo yasiyolingana na ankara, litakaa hadi Jumatatu. Wakala wa forodha atahitaji barua, barua itahitaji saini, na mwenye kusaini yuko semina. Jumatano kasha linafunguliwa, barafu imekwisha, lakini kimiminika ndani ya vichupa ni cheupe vile vile kama kilivyokuwa kiwandani. Mwanafunzi anakitumia, kipimo kinakataa, naye anatumia wiki mbili akidhani kosa ni lake. Mwenzake wa Ulaya anaagiza kimeng'enya hicho leo na kukipata kesho kutwa. Mtu ambaye hajawahi kupoteza wiki mbili za namna hiyo akipewa mpango wa kujenga uwezo, ataandika bajeti ya mashine na warsha, asahau mshahara wa mtu mmoja anayezijua hati za forodha.

Jambo la tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ni ajira. Tumesomesha wenye uzamivu wengi kuliko nafasi tulizowaandalia. Kijana anarudi, anakuta kibali cha ajira hakijatoka, anajishikiza kwenye mradi wa miaka mitatu. Mradi ukiisha anahamia mwingine wenye mada tofauti kabisa, na baada ya miradi mitatu amekuwa meneja hodari asiye na swali lake mwenyewe. Programu kama DELTAS Africa, iliyoanza mwaka 2015 kwa fedha za Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya, na za serikali ya Uingereza, ilijaribu kulishughulikia hili kwa kuweka uongozi na ruzuku mikononi mwa taasisi za Afrika, na kwa kumlea mtafiti kutoka uzamili hadi anapojitegemea. Mojawapo ya programu zake, IDeAL, imekaa Kilifi, Kenya, katika kituo cha Wellcome na KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kenya, kilichoanza mwaka 1989. Kazi nzuri imefanyika. Bado lakini fedha ni za mgeni. Serikali zetu ziliahidi katika Umoja wa Afrika kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nchi nyingi hazijafika hapo. Gharama yake ilionekana mwanzoni mwa 2025, Marekani ilipositisha misaada yake ya nje: mradi wa chanjo ya UKIMWI uitwao BRILLIANT, ulioongozwa na wanasayansi wa Afrika Kusini, ulikatishwa ukiwa ukingoni mwa kuanza majaribio. Uongozi ulikuwa wa Waafrika, maabara ziko Afrika, wataalamu wapo. Kilichokuwa cha wengine ni mfuko.

Kwa hiyo nafasi ya pili uliyopewa si mbaya, inategemea shirika lenyewe linafanya kazi vipi. Kama kazi ni kukusanya watu hotelini siku tano, kuwagawia vyeti na kurudi mwaka ujao, usiende. Kama ni kazi ya kurudi katika maabara ile ile mara kwa mara, kwa mfano wa SLMTA, mpango wa mafunzo ya kuboresha maabara uliozinduliwa Kigali mwaka 2009, ambao kati ya mafunzo na mafunzo kila maabara hurekebisha jambo moja linalopimika, basi hiyo ni shule ya kweli, na mtu mwenye uzoefu wako wa hospitali angeifaa sana. Lakini inaweza kukungoja. Uzamivu ukiukataa ukiwa na umri wako, na familia na majukumu yakazidi, si rahisi kuurudia. Tena watoa ruzuku, ukipenda usipende, hutaka kuona mtafiti mkuu mwenye uzamivu na makala zake, na bila ruzuku hutaweza kumwajiri hata mtunza friji.

Kuhusu hofu yako ya kupoteza miaka minne kwa kirusi kimoja: virusi vya mbu ni shamba letu hasa. Kirusi cha West Nile kilitambuliwa Uganda mwaka 1937, cha Zika kilipatikana mwaka 1947 kwa nyani aliyewekwa kizimbani katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, na ugonjwa wa chikungunya ulielezwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Mwaka 2019 Dar es Salaam ilisumbuliwa na dengi kwa miezi. Hospitalini kwako, mgonjwa mwenye homa ambaye kipimo cha malaria kimesema hana malaria huandikiwa nini? Mara nyingi huandikiwa antibiotiki na kurudishwa nyumbani, na hakuna anayejua ni wangapi kati yao walikuwa na dengi, chikungunya au homa ya Bonde la Ufa. Hilo ni swali la miaka minne, na linaweza kujibiwa kwa damu ya Mwanza pekee.

Hapo ndipo penye mazungumzo na msimamizi wako, kabla ya saini. Muulize kama mada inaweza kujengwa juu ya homa za Kanda ya Ziwa, na kama utaruhusiwa kuwa nyumbani angalau nusu ya muda wa masomo. Muulize sampuli zitahifadhiwa wapi, na kama mkataba wa kuzisafirisha utataja zitakazobaki Tanzania, zitakazorudishwa na nani ataamua matumizi yake mradi ukiisha. Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kitakuuliza hayo hayo, kwa hiyo si kero kuyauliza mapema. Muulize nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala pale ambapo kazi ya mikono ni yako na uchambuzi wa kompyuta ni wa mwingine. Na ikiwezekana dai ufundishwe uchambuzi huo wewe mwenyewe, maana mashine ya kusoma jenomu unaweza kuazima, lakini mtu wa kuyasoma matokeo yake ni adimu bado. Omba uone bajeti ya mradi na ushiriki kuandika angalau ombi moja la ruzuku kabla hujamaliza.

Kwa upande wa nyumbani, usiache kazi. Omba likizo ya masomo kwa maandishi, na utafute msimamizi wa pili hapa nchini. Kituo cha SACIDS katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinashughulika na virusi vya binadamu na wanyama kwa pamoja, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Lile shirika liandikie barua ya shukrani, ueleze unakwenda masomoni na ungependa kufundisha katika kozi zao utakapokuwa nchini. Mashirika ya namna hiyo hayapati kwa urahisi wakufunzi wanaotoka maabara za hospitali. Ukiona msimamizi anajibu yote ila suala la sampuli analikwepa, mwandikie tena juu ya hilo peke yake, na usikate tiketi mpaka jibu lifike.